Filamu za Kihindi na Hukumu za Baraza: Mafunzo ya Sinema za Kale katika Mtaa wa Kibokoni, Mombasa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo ambalo sisi wasomi wa Kiswahili tumelipita mara nyingi bila ya kuligeukia. Nalo ni namna wakaazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, na hasa wa mtaa wa Kibokoni, walivyozipokea filamu za Kihindi za miaka ya 1950 hadi 1970, wakazisimulia upya kwa lugha yao, na wakatoa humo mafunzo ambayo hadi leo yangali yanatajwa majumbani panapozuka jambo la deni, la talaka au la mtoto aliyepotoka.

Sababu ya kulipita jambo hili si ngumu kuiona. Uchunguzi wetu wa fasihi ya pwani umeshughulika zaidi na tenzi, mashairi, hadithi na methali, na ni haki ufanye hivyo. Filamu ya Kihindi imehesabiwa kuwa ni kitu cha kuja, tena cha anasa. Na kwa kuwa lugha yake si yetu, mwalimu wa Kiswahili amejiona hana la kusema juu yake. Lakini yafaa tujiulize: mtu wa Kibokoni aliyetoka ukumbini mwaka 1958, naye hajui Kihindi ila maneno mawili matatu ya dukani, alitoka na nini kichwani? Alitoka na hadithi, na hadithi hiyo ilikuwa ya Kiswahili.

Dai la makala haya ni kwamba mafunzo hayo hayakuwa yamekaa tayari ndani ya filamu yakingojea kuokotwa. Yalitengenezwa na watazamaji wenyewe, barazani na majikoni, kwa mizani ya sheria yao, desturi zao na methali zao. Filamu ilileta kesi. Hukumu ilitolewa mtaani. Na kwa sababu hukumu ilikuwa yao, ndiyo maana imedumu kuliko kumbi zenyewe.

Ni wajibu nieleze ushahidi nilio nao. Mimi nimezaliwa wakati kumbi za sinema zikianza kufungwa, kwa hiyo sikuziona filamu hizi zilipokuwa mpya. Nilizisikia kwanza kwa marehemu nyanya yangu, mkaazi wa Kibokoni, na baadaye kwa wazee wachache wa mtaa huo huo waliokubali kuzungumza nami. Nilikuja kuziangalia mwenyewe nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, katika maktaba ya chuo, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba niliyosimuliwa na nyanya na niliyokuwa nikiyatazama hayakuwa kitu kimoja. Kwanza nilidhani amesahau. Makala haya ni matokeo ya kutambua kwamba hakusahau.

2. Filamu zilizotungwa ili zifundishe

Kabla ya kuingia katika filamu za Kihindi, inafaa tukumbuke kwamba ziliwahi kuwapo katika Afrika Mashariki filamu zilizotungwa makusudi ziwe mafunzo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwaelimisha Waafrika kwa njia ya sinema. Fedha zake zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani, na mmoja wa waongozi wake alikuwa Meja L. A. Notcutt. Zilipigwa filamu zipatazo 35, juu ya mambo kama kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta. Zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na maelezo yake yakatolewa kwa lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Mradi huo ulikwisha, na baada yake, tangu mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikawa na idara yake ya filamu za makoloni. Wazee niliozungumza nao wanalikumbuka gari la sinema la serikali na pazia lake jeupe, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kunisimulia filamu moja aliyoitazama hapo. Wazee hao hao wanaweza kusimulia Mother India tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini iwe hivyo? Filamu za mafunzo zilisema Kiswahili, za Kihindi hazikusema. Filamu za mafunzo zilionyesha watu weusi na mashamba ya Kiafrika. Za Kihindi zilionyesha vijiji vya mbali na nguo za kigeni. Kwa hesabu ya kawaida, zile za kwanza ndizo zingekuwa karibu zaidi na mtazamaji. Naona tofauti ni hii: katika filamu ya mafunzo, kesi na hukumu zililetwa pamoja. Mtu mjinga hakuweka akiba akapata hasara. Mwerevu aliweka akiba akafaulu. Mtazamaji hakubakiwa na kazi ila kuitikia. Filamu ya Kihindi ilimpa watu wawili wenye haki zote mbili, ikamwacha arudi nyumbani akibishana.

3. Ukumbi, baraza na mkalimani

Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931. Katika miaka iliyofuata filamu za Bombay zilienea katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa njia ya biashara baina ya pande hizi mbili za bahari ilikuwa imekwisha kutandikwa karne nyingi kabla. Mombasa ilikuwa na kumbi kadhaa. Wazee wa Kibokoni hutaja zaidi Regal, Majestic na Naaz. Kutoka Kibokoni mtu alikwenda kwa miguu. Nyanya alinieleza kwamba yeye na wenzake walikwenda katika maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, na mabuibui yao, na kwamba ruhusa ya kwenda huko ilikuwa rahisi kupatikana kuliko ruhusa ya kwenda kwingine kokote pasipokuwa arusini au matangani.

Jambo linalotuhusu sisi ni lugha. Katika kila safu ya viti, nyanya alisema, hakukosa mmoja aliyejua Kihindi kidogo: ama alilelewa jirani na Wahindi, ama mumewe au kakake alifanya kazi katika duka lao. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani. Alinong'ona kwa jirani yake, jirani akamnong'onea wa pili, na maneno yakaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, yakipungua hapa na kuongezeka pale. Hiyo ilikuwa tafsiri ya kwanza. Ya pili ilikuwa nyumbani. Waliokwenda waliwasimulia wasiokwenda: mwanamke aliyekaa eda, mzazi mwenye mtoto mchanga, msichana aliyetawishwa. Ya tatu ilikuwa ya wanaume barazani, baada ya sala ya isha, na hapo ndipo filamu ilipowekwa mezani kama kesi. Kwa hiyo filamu moja ilipita katika vinywa vitatu kabla ya kutulia, na katika kila kinywa ilizidi kuwa ya Kiswahili.

Lugha nayo ilipata fungu lake. Neno stelingi, lenye maana ya mchezaji mkuu wa filamu, limeenea kote tunakozungumza Kiswahili. Asili yake ni neno la Kiingereza lililoandikwa mwanzoni mwa filamu kabla ya majina ya wachezaji. Katika Kiingereza neno hilo ni la kitendo. Katika Kiswahili limekuwa nomino ya mtu, likapata wingi wake wa mastelingi, na likazaa kauli inayokaribia kuwa methali, kwamba stelingi hafi. Nitairudia kauli hii huko mbele, kwani filamu zilizopendwa zaidi Kibokoni ni zile zilizoivunja.

Minou Fuglesang, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya wasichana wa Lamu, ameonyesha vizuri jinsi video za Kihindi zilivyoingia katika maisha yao katika miaka ya 1980. Kitabu hicho kiliandikwa na mwanaanthropolojia, na maswali yake ni ya elimu hiyo. Maswali ya mwalimu wa Kiswahili ni mengine: maneno gani yaliteuliwa, methali gani ziliitwa, na hadithi iligeuka wapi. Sasa tuangalie filamu tatu kwa maswali hayo.

4. Awaara: methali mbili zinazopingana

Awaara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951, ina jaji mmoja, Raghunath, anayeamini kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo aliwahi kumfunga mtu aitwaye Jagga kwa kosa asilolitenda, kwa kuwa tu babake alikuwa mhalifu. Jagga anatoka gerezani, anamteka mke wa jaji, kisha anamrudisha akijua kwamba ni mja mzito. Uvumi unaenea; jaji anaingiwa na shaka juu ya mimba, anamfukuza mkewe usiku. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika ufukara, na Jagga mwenyewe ndiye anayemfundisha wizi, ili amwonyeshe jaji kwamba mwana wa jaji naye aweza kuwa mwizi.

Kiswahili kina methali mbili juu ya jambo hili, na hazipatani. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa kawaida sisi walimu huziandika methali hizi katika orodha, kila moja na maana yake, kana kwamba kila moja inakaa nyumba yake. Awaara iliziweka katika nyumba moja zigombane. Katika mji kama Mji wa Kale, ambako nasaba na taifa la mtu huulizwa kabla ya posa kujibiwa, ugomvi huo haukuwa mchezo.

Mzee mmoja wa Kibokoni alinieleza kwamba katika baraza yao mjadala haukuishia kwa mtoto, bali ulikwenda kwa jaji. Waliuliza: mashahidi wako wapi? Katika sheria ya Kiislamu anayemtuhumu mwanamke mwenye sitara pasipo mashahidi wanne ndiye mwenye hatia, na mume anayemtuhumu mkewe ana njia yake maalumu ya kiapo mbele ya kadhi. Jaji huyu hakufuata lolote. Alifuata maneno ya watu. Kwa hivyo barazani alionekana kuwa ni hakimu asiyejua hukumu. Katika filamu yenyewe hoja hii haipo kwa sura hiyo. Lawama ya filamu inaelekezwa kwa tabaka na kwa dhana ya damu, na kisa cha Sita katika Ramayana kinasikika nyuma yake. Watu wa Kibokoni walikiondoa kisa cha Sita, wasichokijua, wakatia suala la mashahidi, walilolijua.

Funzo lililobaki ni hili, nami nimelisikia likitumika zaidi ya mara moja katika miaka hii yetu: mwanamume asimwache mke kwa uvumi. Siku hizi uvumi hauji kwa jirani aliyesimama mlangoni. Huja kwa simu, kwa picha na sauti zinazopitishwa baina ya watu wasiojuana. Swali la baraza lingali lile lile.

5. Mother India: karatasi na dole

Mother India ya Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1957 na kuchezwa na Nargis, ndiyo filamu ambayo nyanya aliisimulia mara nyingi zaidi, na ndiyo iliyonionyesha waziwazi kazi ya msimulizi. Filamu inaanza na Radha akiwa mzee, akiitwa kufungua mfereji wa maji uliojengwa kijijini mwake, kisha anarudi nyuma katika kumbukumbu. Mwanzo huo ni wa siasa: ni India iliyopata uhuru mwaka 1947, yenye mabwawa na matrekta.

Nyanya hakuutaja mfereji hata siku moja. Hadithi yake ilianza na deni. Mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili amwoze mwanawe. Hakujua kusoma. Yaliyoandikwa hayakuwa aliyokubali, na wazee wa kijiji walipoletewa shauri wakahukumu kwa kufuata karatasi: robo tatu ya mavuno iwe faida ya mkopeshaji kila mwaka, na rupia 500 zibaki pale pale. Kutoka hapo nyanya alishuka katika misiba yote: mume aliyevunjwa mikono na jiwe akaondoka usiku kwa aibu, mafuriko, njaa, bangili zilizowekwa rehani, na mwana, Birju, aliyekua na hasira ya bangili zile. Kila alipofika mahali pa kupumzika alisema, «Karatasi usiyoijua, mwanangu, usiitie dole.»

Kwa nini msimulizi wa Mombasa aanze hapo? Tukiiangalia historia ya pwani hatutashangaa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wadai ardhi zao mbele ya ofisa wa serikali, zipimwe na zisajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wengi hawakuijua sheria hiyo, au hawakuwa na maandishi, au waliandikiwa wasiyoyajua. Mzozo wa ardhi wa pwani ya Kenya una mizizi yake humo, na haujakwisha. Mtu aliyelelewa katika mji wenye kumbukumbu hiyo hakuhitaji mkalimani ili amjue Sukhilala na daftari lake.

Kuna mahali pengine pawili ambapo hadithi ya nyanya iliachana na filamu. Pa kwanza ni mwisho. Birju, aliyekwisha kuwa jambazi, anamuua Sukhilala na kuyachoma madaftari, kisha anamteka binti wa mkopeshaji siku ya arusi yake. Radha anamwonya, naye hasikii. Radha anampiga risasi mwanawe mwenyewe. Katika filamu mama anasema juu ya heshima ya kijiji, kwa neno la Kihindi ambalo maana yake imo baina ya haya, aibu na heshima. Nyanya hakutafuta neno la kulilinganisha nalo. Alisema tu kwamba mama yule alimlinda msichana sitara yake, na kwamba binti wa adui ni amana kama binti wa ndugu. Maneno haya mawili, sitara na amana, yanabeba elimu nzima ya maadili ya Waswahili, na hayamo katika filamu. Hapa stelingi alikufa, na aliuawa na mamake. Na hakuna mtu Kibokoni aliyeniambia kwamba mama alikosea, ingawa wengi waliniambia kwamba walilia.

Mahali pa pili ni muhimu zaidi kwa dai letu. Filamu inamsifu Radha kwa kumngojea mume aliyemwacha, miaka hata miaka. Nyanya hakukubali. Alipofika hapo alikuwa akiikatiza hadithi na kusema, «Angalikwenda kwa kadhi akataka faskhi. Yuwamngojea nani?» Mke aliyetupwa bila ya matumizi ana njia katika sheria yake, na korti za kadhi zimekuwapo Mombasa tangu kabla ya ukoloni hadi leo, zikitambuliwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Filamu ilitaka kumfundisha nyanya subira isiyo na kikomo. Yeye akaifundisha filamu sheria. Huwezi kusema kwamba mtazamaji wa namna hii amepokea mafunzo. Yeye ametoa mafunzo, na filamu imekuwa ubao wake wa kuandikia.

Leo Sukhilala hakai dukani. Tangu huduma za fedha kwa simu zianze Kenya mwaka 2007 imekuwapo mikopo midogo inayotolewa kwa kubonyeza vidude viwili vitatu, na masharti yake ni marefu, tena kwa Kiingereza cha mawakili. Hali ilifika pa kulazimu sheria ya mwaka 2021 iliyowaweka wakopeshaji hao chini ya leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Jamaa yetu mmoja kijana alipoingia katika mikopo ya aina hiyo, mama yake hakumtajia sheria wala Benki Kuu. Alimwambia: «Umetia dole kama yule mkwewe mama wa sinema.» Kijana hakuwahi kuitazama filamu, lakini alifahamu.

6. Deewaar: mama na mali ya mwana

Deewaar ya Yash Chopra ilitoka mwaka 1975. Ndugu wawili, Vijay na Ravi, wanalelewa na mama peke yake baada ya baba yao, kiongozi wa wafanyakazi, kulazimishwa kuwasaliti wenzake ili ayaokoe maisha ya mkewe na wanawe. Vijay anakuwa mpagazi bandarini, anawapiga wahuni wanaowatoza wapagazi fedha, na kutoka hapo anaingia katika magendo mpaka anakuwa tajiri. Ravi anakuwa polisi. Mama anapojua mali ya Vijay imetoka wapi, anaiacha nyumba yake ya fahari na kwenda kukaa na Ravi, ingawa moyo wake uko kwa Vijay. Mwisho Ravi anampiga ndugu yake risasi, na Vijay anafia mikononi mwa mama yao.

Mombasa ni mji wa bandari. Mgomo mkuu wa Januari 1947, ulioisimamisha Kilindini, uliwagusa wapagazi na vibarua wa kila namna. Baba aliyesimama na wafanyakazi kisha akavunjwa, na mtoto aliyechorwa mkononi maneno ya kumwita babake mwizi, hawakuhitaji maelezo marefu mbele ya watu waliokuwa na wazee wao bandarini. Tena kuna alama nyingine iliyowafikia wao moja kwa moja. Kibao cha upagazi cha Vijay kina namba 786, nayo, kama anavyoelezwa na mpagazi mwenzake Mwislamu, ni hesabu ya herufi za bismillahi kwa abjadi. Namba hiyo ilijulikana Mombasa kwa kuandikwa madukani na magarini. Kibao kile kinamkinga Vijay na risasi. Siku kinapomponyoka anakufa. Wazee wawili walinisimulia sehemu hii kwanza, kabla ya kunitajia hata jina la filamu.

Lakini hukumu ya baraza haikuwa juu ya Vijay wala Ravi, bali juu ya mama. Je, mama ale mali ya mwanawe asiyoijua chimbuko lake? Swali hili limezidi uzito tangu miaka ya 1980, heroini ilipoanza kuingia katika miji ya pwani ya Kenya. Unga huo umewala vijana wa mitaa ya Mji wa Kale, na umewatajirisha wachache. Huduma ya matibabu kwa methadoni ilifika Pwani mwaka 2015, baada ya nyumba nyingi kwisha kuzika. Katika miaka hiyo yote mama wa Deewaar ametajwa kama kipimo. Mama mmoja jirani, ambaye sitamtaja, alirudishiwa nyumba yake iliyotengenezwa upya na mwanawe. Akakataa kuingia, akakaa kwa dadake. Watu walipomuuliza alijibu kwamba yeye si mtu wa kwanza, yule mama wa Amitabh alitangulia.

Sidai kwamba filamu ndiyo iliyompa mama huyo uamuzi wake. Dini yake imemfundisha halali na haramu tangu utoto. Filamu ilimpa kitu kingine: namna ya kuutaja uamuzi huo mbele ya watu bila ya kumtaja mwanawe. Kusema mtu wa mbali ili karibu pasikike ni fumbo, na fumbo ni sanaa tunayoijua tangu kale.

7. Sauti ya kigeni, maneno ya kwao

Jambo hili la kukichukua cha wengine na kukitia hukumu ya nyumbani halikuwa la masimulizi tu. Mombasa ndiyo makao ya taarabu iitwayo ya Kihindi, na bingwa wake aliyejulikana zaidi alikuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014. Aliimba kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, na mashairi yake mengi yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Mahadhi yalikuwa ya Bombay. Vina na mizani vilikuwa vya Mvita, na maudhui yalikuwa mapenzi, wasia na malalamiko ya watu wa mji.

Wako waliolaumu wakisema huo ni uigaji. Lakini tukiyatazama mashairi hayo kwa kipimo cha elimu ya arudhi tutaona kwamba aliyelazimika kukubali si shairi peke yake. Wimbo nao ulikunjwa, ukarefushwa hapa na kufupishwa pale, ili mizani ya Kiswahili ikae. Hivyo ndivyo nyanya alivyoikunja Mother India ili sitara na amana zikae ndani yake. Taarabu tumeisoma vyuoni. Masimulizi hatujayasoma.

8. Pingamizi na hitimisho

Msomaji anaweza kutoa pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba filamu hizi zilileta pia mabaya: kusifu weupe wa ngozi, kumtaka mwanamke avumilie yote, na mapenzi ya kuimba mvuani ambayo ndoa ya kweli haiwezi kuyatimiza. Ni kweli. Nyanya mwenyewe, aliyelikataa funzo la subira, hakulikataa lile la weupe. Aliwasifu wachezaji wa kike kwa rangi zao mbele yetu wajukuu zake weusi, na jambo hilo halikutufaa. Baraza ni korti, na korti hukosea pia.

Pingamizi ya pili ni kwamba nimejenga hoja juu ya ushahidi wa watu wachache. Nalo ni kweli, na ndilo lililonifanya niandike. Kumbi nyingi zimefungwa, na wengi waliozijaza wametangulia mbele ya haki. Nyanya yangu alifariki kabla sijamrekodi. Nilikuwa ng'ambo nikijifunza mbinu za kukusanya fasihi simulizi za watu wengine. Niliyoyanukuu hapa yametoka katika kumbukumbu yangu na katika daftari moja dogo.

Tafsiri ya filamu kwa Kiswahili haijakoma. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo za Kituruki na za Kihindi zimefuata njia hiyo. Nchini Kenya wako wasimulizi kama DJ Afro wanaozieleza filamu za kigeni kwa lugha ya vijana, na wasikilizaji wao ni wengi. Lakini tafsiri iliyokamilishwa studio humfikia kila mtu ikiwa moja. Ile ya safu ya viti, ya jikoni na ya baraza ilikuwa na wenyewe, na kila mtaa ulikuwa na yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa idara zetu. La kwanza ni kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotumwa kukusanya ngano watumwe pia kukusanya filamu: wamwombe mzee asimulie filamu moja nzima, wairekodi, kisha wailinganishe na filamu yenyewe, wakitia alama kila pahali inapopunguzwa, inapoongezwa au inapokataliwa. Filamu hizi zinapatikana. Kwa mara moja fani yetu ina asili iliyohifadhiwa ya kulinganisha na simulizi, jambo ambalo katika ngano hatulipati. La pili ni kwamba kazi hiyo ianze na wanawake wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kwa kuwa wao ndio walioketi katika maonyesho ya mchana na ndio waliowasimulia wengine. Katika Kibokoni peke yake bado wako wa kutosha kuijaza kazi ya mihula miwili. Miaka kumi ijayo sidhani kwamba watakuwapo.